Pikipiki Iliyolala kwa Watu

Kila anayekalia kiti changu huniuliza habari za Koboko, na kila mmoja huniacha njiani. Nikifika Tororo nimemaliza kisogo, nikifika Pakwach nimemaliza ndevu, na mtu anajipangusa, anajitazama kwenye kioo, anakwenda zake. Hivyo hapa Kisumu kuna wanaojua kwamba nilipanda treni, na kuna wanaojua kwamba niliitwa mjinga sokoni Omugo, lakini hakuna hata mmoja anayejua nilirudi na nini wala kwa nini. Basi nimeyaandika yote. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi, nami ninyoe kwa amani.

Wengi wenu hamkumjua baba yangu, nami simjui zaidi yenu. Alikuwa Mnubi wa Koboko, dereva, akamwoa mama yangu ambaye ni mtu wa Mumias. Sijaanza hata shule alikwenda kwao kumwuguza mama yake, akakaa hukohuko. Miaka ikapita bila barua. Kisha, mwaka ule serikali ya Uganda ilipobadilika, dereva mmoja wa lori alimletea mama kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na kitu cha chuma mfano wa msumari mnene, mrefu kupita kidole, kichwa chake bapa kama uyoga. Salamu hazikuwamo. Dereva alisema ameagizwa maneno mawili tu: "Akae nacho."

Mama alicheka hadi nikaogopa. Mume anakaa kimya miaka yote ile, halafu anamtumia mkewe msumari. Aliuosha, akaufanya mchi wa kupondea iliki, na tangu siku hiyo kila asubuhi nilimsikia akimponda yule mtu pamoja na iliki zake.

Mwaka jana tulipata habari kwamba amefariki. Mwaka huu, 1975, dada yake, Shangazi Zamzam, alituma neno kwamba iko pikipiki ya marehemu, imelala miaka, na mwanawe aje aichukue. Mama alisema niende. Mimi pikipiki nilikuwa siitaki sana, wala kuendesha sijui. Nilichokuwa nakitaka ni kujua jambo moja ambalo limenikaa kooni tangu utoto: je, yule mtu alitutupa, au la?

KISUMU HADI TORORO

Mambo ya vibali na mihuri siyaandiki. Anayependa mihuri aende posta.

Mama alinifungia kopo la chai: majani, sukari, iliki, na chini kabisa, ndani ya kitambaa kilekile, ule msumari. Nilimwambia kwamba naenda safari, siendi kufungua hoteli. Akasema sukari imepotea Uganda, nitawasalimia watu na nini? Na huo msumari? "Nenda nao," alisema, "na usirudi nao. Nimechoka kuuona." Basi lilikuwa likipiga honi, nikatia kopo kwenye mkoba bila kubishana zaidi.

TORORO HADI PAKWACH

Treni ya Pakwach inakwenda kama mzee anayetoka msikitini, ikisalimiana na kila stesheni. Nilikaa daraja la tatu, mbele yangu mama mmoja mwenye kuku ndani ya kikapu na karanga za kuchemsha ambazo alinigawia bila kuniuliza jina. Mbele ya Lira tulisimama porini. Tukakaa. Jua likahama kutoka dirisha hili hadi lile. Hakuna aliyelalamika wala aliyechungulia nje, na mimi kinyozi sijazoea kukaa kimya, nikasimama niulize kwa sauti kuna nini.

Yule mama alinivuta shati. "Kaa chini," akaniambia. "Hapa mutu hapana uliza uliza. Treni itaenda wakati itaenda."

Muda kidogo wakapita askari wawili ndani ya behewa, wakitazama mizigo na nyuso. Kuku peke yake ndiye aliyesema neno. Nikadhani nimeelewa: huku watu hawaulizi kwa sababu wanaogopa. Nilikuwa nimeelewa nusu, na nusu ya kuelewa ni mbaya kuliko kutoelewa kabisa, kama mtakavyoona.

PAKWACH HADI ARUA

Tulivuka daraja la mto Nile nikiwa juu ya lori la chumvi. Mvua ikatukamata upande wa pili, chumvi ikalowa, na mimi niliyeikalia nikalowa nayo. Msiniulize hali ya suruali yangu wala ya ngozi iliyokuwa ndani yake. Dereva alisimama kila penye mtu anayemfahamu, na alikuwa anafahamika sana.

Arua nililala kwa jamaa ya Wanubi waliosafiri nami kwenye lori hilohilo. Wakanilisha kisra, mkate mwembamba kama leso, na mchuzi mzito wa bamia kavu, sinia imefunikwa kwa kawa la rangi zote. Walinitazama uso wakasema ndiyo, huyu ni wa kwetu. Moyo wangu ukatulia. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe uso haukuwa na thamani yoyote huko nilikokuwa nakwenda.

ARUA HADI KOBOKO

Shangazi Zamzam ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili. Alinishika mashavu, akalia, akanilisha hadi nikashindwa kuinama. Kisha akaanza kutazama mikono yangu. Nilifikiri inanuka, nikaenda kunawa. Niliporudi bado anaitazama.

Baadaye alinipeleka chumba cha uani, akaondoa mikeka, na pale ilikuwapo: pikipiki nyeusi ya Kiingereza, silinda moja, nzito, imeegemea ukuta kama mtu aliyesinzia akisubiri chakula. Magurudumu hayana upepo. Panya wamekula kiti. Nyigu wamejenga nyumba za udongo ndani ya bomba la moshi. Lakini ajabu haikuwa hiyo. Mnyororo haukuwapo. Kabureta haikuwapo, wala magneto, kile kidude kinachotoa cheche.

Nikauliza kama wameibiwa. Shangazi akasema hapana. Mwaka ule vyombo vya watu vilipoanza kuchukuliwa barabarani na wenye bunduki, baba aliona pikipiki nzima inaweza kupata mwenyewe mwingine wakati wowote, lakini pikipiki isiyowaka hakuna anayeitaka. Akaitoa viungo, akavilaza kwa watu. Magneto iko Dranya kwa Elia, mnyororo uko Omugo kwa Mama Candiru, kabureta iko Ediofe kwa Justino. Niende nikawasalimie.

"Niwaambie nini?" nikauliza.

"Wewe salimia tu," akasema, na akatazama tena mikono yangu.

KOBOKO HADI DRANYA

Dranya nilikwenda nimekaa nyuma ya baiskeli ya kijana wa jirani, katikati ya mashamba ya mihogo na mtama, na kwenye kila kilima nilishuka tukasukuma. Elia tulimkuta kwenye kibanda chake cha nyasi akiziba tyubu. Ni mtu mrefu, mkavu, wa upande wa Sudani, aliyevuka wakati wa vita na kukaa hapo akitengeneza baiskeli. Nilipotaja jina la baba aliacha tyubu ndani ya maji, akanishika mkono muda mrefu.

Tulikula ugali wa mtama na samaki wadogo wakavu waliopikwa kwa simsim. Alinisimulia jinsi yeye na baba walivyoifungua ile injini, na jinsi baba alivyokuwa na mguu mbaya tangu lori lilipomwangukia, asiweze tena kukanyaga kiki ya kuwashia mwenyewe. Ndipo akaingia ndani, akatoka na chungu, na ndani ya chungu, ndani ya nguo iliyolowa mafuta, mkatoka magneto inayong'aa kama ya dukani. Akaiweka juu ya mkeka katikati yetu, akakaa akisubiri.

Na mimi nikakaa nikisubiri. Yeye anatazama mkoba wangu, mimi natazama magneto. Nikasema ni nzuri sana. Akakubali. Nikasema namshukuru kwa kuitunza. Akainamisha kichwa. Mwishowe akaikunja upya katika nguo yake taratibu, akairudisha ndani ya chungu. "Haya," akasema. "Umesalimia. Nenda vizuri."

Niambieni nyinyi, mtu anakuonyesha kitu chako, unakisifia, halafu anakirudisha ndani! Nikadhani anataka heshima ya mkono. Nikatoa sukari kwenye kopo, nikampimia. Alifurahi kweli, akaigawa mara mbili, nusu akanirudishia ili nisiishiwe njiani. Magneto hakuitaja tena.

Wakati wa kuondoka niliona gunia limefungwa kamba, limening'inia karibu na mlango, limejaa vumbi. Akasema ni nguo zake. Vita vilipokwisha kwao, mke na watoto walirudi, na yeye alifunga gunia siku ileile. Nikamwuliza kwa nini hakwenda nao. "Iko kitu moja inanishika hapa," akanijibu, na akarudi kwenye tyubu yake.

DRANYA HADI OMUGO

Omugo nilifika kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa kipande cha njia juu ya lori la tumbaku, nikiwa na hasira iliyokwisha kuiva. Mama Candiru nilimkuta sokoni akiuza samaki na majani ya tumbaku, mwanamke mpana mwenye kucheka kwa mwili mzima. Alinikalisha, akanipa kumbikumbi wa kukaanga ambao walikuwa watamu, na akawaita jirani zake waje wamwone mtoto wa yule dereva. Walikuja. Walikaa duara. Chungu cha mafuta kikaletwa, na kutoka ndani yake akauvuta mnyororo, pingili baada ya pingili, hadi ukalala wote juu ya gunia.

Kisha wakasubiri. Watu wazima wote wale, wananitazama mikono.

Mimi nilikuwa nimechoka kutazamwa. Nikatoa noti, nikaziweka karibu na mnyororo, nikasema achukue gharama za mafuta na mimi nichukue kilicho changu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama Candiru aliacha kucheka. Mwanamume mmoja akasimama, akasema amana hainunuliwi, na kwamba mtu anayetaka kununua chake mwenyewe huyo ni mwizi, apelekwe kwa askari. Wengine wakaitikia. Jasho lilinitoka, kwa maana mwaka huu kupelekwa kwa askari si mchezo, na mgeni asiye na mtu wa kumtetea anaweza kwenda moja kwa moja.

Mama Candiru akanitazama sana, halafu akazisukuma zile noti kwangu kwa ncha ya kidole. "Wacheni yeye," akawaambia. "Huyu si mwizi. Mwizi iko na akili. Huyu iko mjinga tu."

Ndiyo sentensi iliyonitoa Omugo nikiwa mzima. Hata hivyo iliniuma, na inaniuma hadi leo, hasa kwa kuwa aliyeisema alinifungia na samaki wa njiani.

OMUGO HADI EDIOFE

Lori la kwenda Arua liliharibika mara mbili, na mara ya pili tulilisukuma kupanda. Nilifika Ediofe kengele ya kanisa ikilia. Justino ni mpishi wa misioni, mtu wa sauti ndogo, aproni nyeupe kuliko shuka zangu. Alinipa uji, akanipa maji ya kuoga, akaomba sala ndefu ambamo jina la baba lilitajwa zaidi ya mara moja. Kisha akaleta bati la kuokea mkate, na ndani yake, juu ya pamba, kabureta.

Safari hii sikugusa, sikusifu, sikutoa hata senti. Nilijifunga mdomo.

"Fungua mzigo, upumzike," Justino akasema.

Nikasema sijambo. Baada ya kitambo akasema tena kwa upole kwamba mzigo unachosha, niufungue. Mara ya tatu nikaufungua kwa kishindo, nikatoa kopo, nikampa chai na sukari. Alipokea kwa mikono miwili, lakini shingo yake ilikuwa imerefuka ikichungulia mkobani. Nikamwona mpishi mwenye tamaa. Masikini yule mtu alikuwa akinisaidia kadiri dhamiri yake ilivyomruhusu, na mimi nikamtukana moyoni.

Alifunika bati lake. Machozi yalikuwa karibu naye, na sikuelewa yanatoka wapi.

KURUDI KOBOKO

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia mama. Kwamba viungo vipo, nimeviona vyote kwa macho, na kwamba watu wa baba wamenikataa mmoja baada ya mwingine. Na kama watu wake wamenikataa, basi ni yeye aliyewaambia hana mtoto Kisumu. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu la miaka yote, na lilikuwa chungu kuliko nilivyotazamia.

Shangazi nilimkuta amelala mkekani, homa imemkamata. Hakuniuliza nimepata nini. Nilimwona hana mtu wa kumpikia siku hiyo, nikasema angalau ninywe naye chai kabla sijaondoka. Tangu nifike nilikuwa mgeni, chai naletewa, kopo la mama sijalifikia chini. Nikawasha mkaa, nikaweka maji, nikatafuta iliki, na pale chini nikaupata msumari wetu. Nikakaa kizingitini nikaanza kuponda.

Mnajua sauti ya chuma juu ya jiwe. Sikuwa nimeponda mara tano Shangazi akawa amesimama nyuma yangu, shuka begani, homa na vyote.

"Hii kitu, wewe umetoa wapi?"

"Ni mchi wa mama yangu."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Akauchukua, akaufuta unga wa iliki kwa shuka lake, akaugeuzageuza, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikabaki na jiwe mkononi nikisubiri mtu aniambie kimetokea nini.

Alinieleza, nami nikamfanya anieleze tena. Watu wa pale mpakani wamezoea kulazana mali. Vita vikiwa upande huu, vitu hulala upande ule, na mwaka mwingine ni kinyume chake. Mtu akilaza kitu, kipande kimoja hukitoa akampa atakayekuja kuchukua, na huyo akija hukiweka mbele ya mtunzaji mwenyewe, bila kuombwa. Mtunzaji akishakiona hurudisha amana kwa mkono wake mwenyewe hadi pale ilipotoka. Asipokiona hatoi, hata kama anayekuja ana sura ya marehemu. Kati ya watunzaji wale watatu, Elia peke yake alijua kipande chenyewe ni kipi. Wengine waliambiwa tu kwamba mtoto ataweka chuma mbele yao.

"Lakini si mngeniuliza!" nikasema. Mimi nimelelewa kwamba kuuliza si ujinga.

"Hapana weza kuuliza. Kama mimi nauliza, mimi nafundisha," Shangazi akasema. "Iko mutu moja alikuja mbele yako. Viatu mazuri, nasema yeye mtoto kutoka Kenya. Jirani moja akauliza, wapi chuma? Yule nasema, iko hotelini, nitaleta. Sasa unaona? Mwizi pia iko na masikio."

Ndipo akanishika magoti. "Baba yako alilaza vitu kwa watu yeye naamini. Watu nne tu. Na ya kwanza yeye alipeleka Kisumu. Ya moto, ile pikipiki napumua nayo. Alisema, hii atashika mama ya mtoto."

Maji ya chai yalikuwa yamekauka sufuriani, tukayaweka mengine.

KOBOKO HADI ORABA

Neno lilitumwa, na watu wakaanza kuja. Elia alitangulia kwa baiskeli, chungu kifuani na gunia lake nyuma. Justino aliomba ruhusa kwa mapadri, akaja amepakata bati lake kama mtoto mchanga. Mama Candiru alikuja na mnyororo shingoni, chini ya kitenge, na kabla ya salamu akaniuliza kama bado mimi mjinga. Nikasema bado, ila nimepungua. Noti zangu hakuzitaja, wala mimi.

Kila mmoja nilimwekea ule msumari mbele, wenyewe sasa unajulikana kwa jina lake, vali ya kutolea moshi. Kila mmoja alisema haya, akaweka chake.

Elia alifungua kichwa cha injini, akanionyesha tundu lililokuwa linausubiri mchi wa mama yangu. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda, akaimwagia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini, tukaiacha ilale na kuamka hadi ikakubali kusogea. Nyigu tuliwatoa kwa waya. Iliki ilikuwa imeila vali kidogo ukingoni, Elia akacheka sana kusikia ilivyofanya kazi. Alichekecha mchanga laini, akauchanganya na mafuta, akagandisha kichwa cha vali kwenye kijiti chenye kipande cha mpira wa tyubu, akakizungusha juu ya tundu lake kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto, ili vali ikae sawasawa. Akimaliza anamwaga mafuta ya taa juu yake kuona kama yanapita. Yalipita. Akazungusha tena. Yalipoacha kupita akaita watu wote waje waone jinsi ambavyo hakuna kinachotokea, nasi tukaja tukaona. Gasketi ya shaba, ile inayoziba kichwa cha injini kisivuje, aliipasha kwenye makaa hadi ikawa laini, akairudisha mahali pake.

Petroli ilitoka upande wa Kongo, ndani ya chupa za soda. Elia akakanyaga kiki. Kimya. Akakanyaga tena, ikapiga chafya. Justino akafanya ishara ya msalaba, Shangazi akasoma Fatiha, Mama Candiru akaitukana kwa Kilugbara, na sijui ni nani kati yao aliyesikiwa, ila ikashika. Moshi mzito ulijaa uani. Elia aliapa kwamba ulinukia iliki. Mimi nilisikia petroli tu, lakini nilikuwa nalia, na pua ya mtu anayelia si ya kuaminiwa.

Siku iliyofuata Elia aliniambia nipande nyuma. Tulikwenda hadi Oraba, karibu na mpaka, yeye akiendesha, mimi nimekumbatia gunia lake. Alishuka, akalibeba begani. Nilimwuliza kama ni kweli alikaa miaka yote ile, mkewe na watoto wako ng'ambo, kwa sababu ya kidude kimoja cha mtu aliyekufa.

"Kama mimi naenda nayo, mimi mwizi. Kama naacha hapa, mimi mwizi pia," akasema. "Sasa mimi iko mwepesi."

Akaenda. Nilimtazama hadi gunia likawa doa. Baadaye nikakumbuka kwamba hajanifundisha kuendesha, na nilirudi Koboko nikiisukuma zaidi ya kuipanda, kwa kicheko cha kila mtoto wa njia ile.

HADI NYUMBANI

Pikipiki ilipanda lori nami, ikapanda treni nami. Tulisimama tena porini mbele ya Lira. Sikumwuliza mtu.

Kabla ya kuondoka nilimsihi Shangazi mara ya mwisho aniambie kwa nini baba hakurudi, kwa nini hakuandika hata mstari mmoja. Alisema kuna mguu, kuna haya ya kurudi na fimbo baada ya miaka, na yaliyobaki baba alikwenda nayo kaburini. Kwa hiyo hilo sikulipata. Msinitazame kana kwamba nimelificha.

Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele. Pikipiki hakuiangalia. "Na msumari?" akauliza kwanza kabisa, yeye aliyeniambia nisirudi nao.

"Umo ndani," nikasema.

"Ndani ya nini?"

Nikamweleza yote mliyosoma, huku nimesimama juani. Nilipofika kwenye watu wanne, na kwamba wa kwanza wao ni yeye, aliweka ungo chini. Alikuja akazunguka ile pikipiki, akaifuta vumbi la safari kwa ncha ya kanga, pembeni, tangini, halafu pale juu ya injini. Akasema niiwashe. Niliikanyaga hadi shati likalowa, ikashika. Aliweka kiganja karibu na injini, akakiacha hapo hadi joto likamshinda.

"Maneno mawili," akasema. "Mtu mzima anatuma maneno mawili." Kisha akajifuta uso kwa kanga ileile yenye vumbi. "Mwambie dada yake nilikaa nacho."

Jioni hiyo alitia iliki nzima nzima kwenye chai, bila kuziponda, nasi tukawa tunazitoa kwa kidole na kuziweka pembeni ya sahani.